Baiskeli Iliyovaa Nailoni

Jumatatu, 8 Februari 1993

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi, hata kama ni mama, hata kama ni mwenye nyumba — lifunge. Ukishindwa, basi kila neno utakaloliona humu lifie kwako. Nikisikia hata moja barabarani, nimekwisha.

Leo nimekabidhiwa baiskeli ya ofisi. Nyeusi, mistari ya dhahabu, mpya. Kazi yangu ni kuwazungukia wakulima wa Matwebe na Lupepo, kuhesabu miche ya chai iliyoshika na kujaza fomu. Bwana Jairo, mkuu wetu, alinisainisha. Itarudishwa "katika hali iliyopokelewa". Nilisoma mara tatu. Wanasema ushirika utauzwa kwa mtu binafsi na watu watapunguzwa. Nadhani wataanza na aliyeharibu mali.

Jumamosi, 13 Februari 1993

Kwa Husseni, fundi baiskeli wa Ibighi. Amepata roli la nailoni ya kunata, ile angavu ya kuvalishia vitabu na ramani. Siku hizi vitu vya Dubai vimejaa. Tuliosha fremu kwa sabuni, tukaikausha kando ya jiko maana jua hakuna. Unabandua karatasi ya nyuma kidogo kidogo, unasugua kwa kitambaa toka katikati kwenda pembeni, hewa itoke. Kwenye maungio nailoni inakataa — lazima uipashe moto ilegee. Saa tatu nzima! Husseni alisema ameshaona maharusi wengi wakivishwa shela, ila bibi harusi wa chuma ndiye huyu wa kwanza. Wenzake wa kijiweni walicheka mpaka nikaondoka.

Alhamisi, 20 Mei 1993

Mvua. Matwebe. Nimeanguka mara mbili, kilima cha mwisho nimeibeba begani. Nailoni imechanika chini. Rangi salama. Mimi hoi.

Jumapili, 17 Aprili 1994

Kesho mkaguzi wa mnunuzi wa ushirika anakuja kutoka Mbeya kukagua mali. Baada ya ibada nimeibandua nailoni yote. Imekwaruzwa na mawe, imepata ukungu, ina madoa ya utomvu wa migomba — miezi kumi na minne ya njia mbaya. Chini yake rangi ni ileile ya siku ya kwanza. Gundi iliyobaki nimeifuta kwa mafuta ya taa. Nimefunga na tairi mpya, kwa mshahara wangu. Nailoni nimeichoma jalalani. Nimekula nikashiba, jambo ambalo sijalifanya siku nyingi.

Jumatatu, 18 Aprili 1994

Nimekwisha.

Mkaguzi, Bwana Lukasi, alizipitia baiskeli za makarani wenzangu, zilizopinda, zilizoota kutu, akaandika "chakavu" na kusonga mbele. Kwangu alisimama. Akapitisha kidole kwenye bomba la juu. Akauliza niliipokea lini. Nikamjibu. Akasema:

"Kijana, hii baiskeli haijawahi kufika Matwebe."

Nikaeleza habari ya nailoni. Akataka aione. Nailoni gani, majivu? Bwana Jairo alikuwa anatazama viatu vyake. Kwa hiyo, anavyoona mkaguzi, fomu zangu zote ni za kupikwa, nimezijaza nimekaa mezani. Nikamtaja Husseni. Akasema fundi anaweza kujua alichobandika, hawezi kujua nilikokwenda. Ni kweli, na ndicho kinachoniumiza. Nimepewa mpaka Ijumaa nilete saini za wakulima kwamba walikuwa wakiniona. Nikikosa, nafukuzwa, na polisi juu.

Jumatano, 20 Aprili 1994

Siku mbili kwa miguu, jana Lupepo, leo Matwebe. Baiskeli wameizuia ofisini. Hakuna anayesaini. Uvumi umenitangulia: mnunuzi anakusanya saini, na atakayetia yake ameuza shamba. Siwalaumu. Ningekuwa wao ningejificha.

Bibi Sekela, ambaye miche yake nimeihesabu mara tano na ndizi zake nimekula, alinikaribisha vizuri. Salamu ya ugonile, maziwa ya mgando, kigoda. Nilipotoa kalamu akaiingiza mikono ndani ya khanga.

"Gwe mwanangu, mimi nakujua. Karatasi ndiyo siijui."

Nikamwuliza kama anaweza kuja kusema kwa mdomo tu. Akasema atawauliza wanawe.

Alhamisi, 21 Aprili 1994

Hakuna jibu. Miguu imevimba. Narudia hapa niliyomwelekeza bibi jana kabla sijaondoka, nione kama nilikosea popote.

Aje kesho kabla ya saa nne. Asiende getini: mlinzi ana kitabu cha wageni, atamwambia atie saini, naye atageuza arudi kwake. Apite kwa wanawake wanaouza ndizi ng'ambo ya barabara. Nitakuwa nyuma yao tangu asubuhi, nimevaa shati jeupe. Dirisha la mkaguzi linatazama hapohapo. Asinifuate kimya kimya. Asimame barabarani, aniite kwa jina langu, Ambwene, kwa sauti, kama anavyoniita nikitokea mgombani kwake, mkaguzi asikie dirishani kwamba ananijua.