Anayetoa Hutajwa Kwanza

Katesh,
Agosti 2007

Mpendwa dada Efrazia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya Dongobesh haijalirudia goti la mama. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio uliokuwa unaumwa, na kwa kuwa wewe ndiye uliyenibeba mgongoni, wewe ndiye utakayenisikiliza.

Tumeletewa mwalimu mpya wa kemia kutoka Tanga, anaitwa Evelyne. Ana digrii, mimi nina diploma. Amepewa kidato cha tatu na cha nne, mimi nimeachiwa wadogo. Wanafunzi wanamsifia kutwa, na kweli anafundisha vizuri, Mungu anisamehe. Sasa mkuu wa shule anatafuta wa kumkabidhi funguo za maabara mpya, na walimu wananiangalia kama mtu aliyekwisha kuzikosa. Hayo ningeyavumilia. Lakini huyo Evelyne akaanza kutembelewa na Tadeo.

Tadeo unamfahamu, yule mwalimu wa historia aliyekuja nyumbani Pasaka akamsaidia baba kutengeneza zizi, baba akamsifu mpaka nikaona aibu. Nilikuwa nangoja wazee wake waje. Badala yake, kila akitoka darasani, huyo kwa Evelyne. Nilipomuuliza anafuata nini kule, alisema ni mambo ya kazi. Tangu lini historia na kemia zikawa na kazi moja?

Halafu ikaja asali. Tadeo amepangiwa kuhamia Yaeda Chini, kwenye shule mpya ya kata. Alikwenda kuiona, akarudi na dumu la asali, na nilimwona kwa macho yangu akiliingiza kwa Evelyne. Dada, unajua kwetu mwanaume akibeba asali kwenda nyumbani kwa msichana, amekwenda kuposa. Mtu wa Tanga hajui. Ataipaka kwenye mkate tu. Lakini Tadeo ni mzaliwa wa huku huku Gitting, mila anaijua. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba nyumbani.

Jumamosi nilishindwa kuvumilia. Nikajidai narudisha chumvi niliyoazima, nikaenda. Mlango ulikuwa wazi. Niliwakuta wameinama, vichwa karibu vigusane, na juu ya meza kuna maduara ya chaki yaliyopangwa punje za mahindi na maharage. Nilichemka. Mbinu ile ni yangu! Evelyne alipofika akakuta hatuna vifaa, mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kufanya punje kuwa elektroni. Sodiamu anatoa punje yake moja, klorini anaipokea, wanashikana. Hiyo ndiyo bondi ya ayoniki, na anayetoa hutajwa kwanza: sodiamu kloraidi, chumvi ile ile niliyokuwa nimeishika mkononi. Sasa amechukua mbinu yangu anamfundishia mchumba wangu.

Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha. Kabla sijafungua mdomo, Tadeo akaweka kaboni katikati ya oksijeni mbili, akatamka kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo ni kaboni oksaidi. Dada, ualimu ni ugonjwa. Badala ya matusi nikajikuta nasema:

"Dayoksaidi. Hizo hazipeani, zinachangia punje. Ni kovalenti, lazima jina lihesabu oksijeni."

Evelyne alicheka mpaka akakaa chini. Tadeo hakucheka. Alieleza kwamba Yaeda Chini hakuna mwalimu wa kemia hata mmoja, na ameambiwa alishike somo hilo yeye. Nikamuuliza kwa nini hakuja kwangu. Akaangalia chini.

"Niliona haya. Ningesimamaje mbele ya baba yako kuomba mke, wakati mke mwenyewe ananisahihisha kama mtoto wa kidato cha kwanza?"

Na asali je? Evelyne ndiye aliyejibu, kwamba ni ya baba yetu. Tadeo anakaa nyumba moja na mwalimu Vitalis, na Vitalis akiona asali hasazi, ndiyo maana dumu likahifadhiwa kwake Evelyne. Akanionyesha dumu, lilikuwa halijafunguliwa.

Utadhani wivu uliisha. Nilifurahi, ndiyo, lakini wivu ulihama kiti tu. Evelyne aliujua udhaifu wa Tadeo kabla yangu. Hata habari ya asali yangu mwenyewe, yeye ndiye aliyeijua kwanza. Sikulala vizuri kwa hilo.

Sasa nifike kwenye sababu ya barua hii. Wazee wa Gitting watakuja na lile dumu mwezi ujao, basi mwandae baba. La pili ni zito zaidi, na mama atalia kwamba kule hakuna barabara. Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa shule nikaomba nihamishiwe Yaeda Chini nikafundishe kemia, Tadeo afundishe historia yake huko huko. Mkuu aliniuliza kama nimefikiri vizuri, kwa sababu funguo za maabara alikuwa ameshaamua kunipa mimi. Iliniuma, dada, siwezi kukuficha. Kisha nikamwambia ampe Evelyne. Maabara nimemwachia. Tadeo simwachii, hata kwa kipindi kimoja.

Mpe baba shikamoo yangu, mama umpake mafuta ya goti kwa niaba yangu, na watoto uwabusu wote. Ukijibu, usinicheke sana.

Ni mimi mdogo wako,
Filomena