Vani Aliyoikataa Mama

Ziwani, Nairobi
4 Machi 2024

Binti yangu Triza,

Natumai jua la Doha halijakumaliza. Sisi tunapumua, na mama yako anakusalimu kwa sauti kubwa kutoka kitandani ili nisisahau kuandika barua pepe hii. Figo zake ni zile zile. Kila Jumanne na Ijumaa lazima nimfikishe hospitali asafishwe damu, na hilo linaninyima utulivu. Mersidizi yetu iko chini mno. Nainama, nambeba, namwingiza, halafu kiti chake cha magurudumu kinagoma kuingia kwenye buti. Ijumaa nusura nimwangushe.

Lakini kuiuza? Nimeiendesha tangu nikiwa dereva wa kaunsili ya jiji, nikainunua wao walipoichoka. Viti vya ngozi, na ukifunga mlango husikii kelele za mtaa. Nusu ya maharusi wa Ziwani wamekwenda kanisani ndani yake. Hiyo vani unayoniimbia ina nini?

Baba yako

Doha
7 Machi 2024

Baba mpendwa,

Habari za nyumbani? Mimi ni mzima, ila usingizi sina. Vani ina mlango mpana wa kusukuma kando na sakafu tambarare. Mama anapandishwa kwa ubao akiwa amekaa kwenye kiti chake, na mgongo wako unapumzika. Mersidizi ni ya kupigia picha. Ukimwangusha mama, hivyo viti vya ngozi vitanisaidia nini? Uza, baba. Patakapopungua nitaongeza.

Binti yako, Triza

Ziwani
21 Machi 2024

Triza mwanangu,

Tuko salama, mama anakula kidogo. Imeuzwa. Imechukuliwa na Ngui wa mtaa wa Tena, yule anayekodisha magari ya harusi. Sikuisindikiza hata mpaka barabarani.

Vani niliyonunua ni nyeupe, ya 2018. Nimekagua injini, breki, gia, tairi. Aliyekuwa nayo aliondoa viti vyote vya nyuma akatandika bati safi, kana kwamba alijua nakuja. Kesho Ijumaa mama anaizindua.

Baba yako

Doha
24 Machi 2024

Baba,

Hamjambo? Mbona hushiki simu? Jirani yetu Muhonja ananiambia gari halijatoka uani tangu Alhamisi. Ijumaa mama alisafishwa au hakusafishwa? Nijibu leo, tafadhali. Hapa kazini navunja vyombo tu.

Triza

Ziwani
24 Machi 2024

Mwanangu,

Salamu ninazo, habari njema sina. Hakwenda. Nilimfikisha mlangoni, akatazama lile bati, kisha kioo cha kando. Kipande cha utepe mwekundu kilikuwa bado kimefungwa hapo, ule wa magari ya matanga yanayosafirisha maiti. Miaka yote hii ya udereva, na sikukiona!

"Javan, hii gari imebeba akina nani?" akauliza. "Hii inapeleka watu kwao Bungoma wakiwa wamelala. Siku hiyo mtanipakia wenyewe. Leo sipandi."

Nimekata utepe, nimeosha. Mchungaji amekuja kuiombea. Mama akasema amina, na bado akakataa. Nimempigia Ngui aniazime Mersidizi. "Mzee, hiyo iko harusi Nakuru mpaka Jumatano." Teksi nayo anasema hapandi ya mtu huku letu limeegeshwa hapo. Miguu yake imevimba. Naogopa, Triza.

Baba yako

Hospitalini
26 Machi 2024

Binti yangu,

Pumua kwanza. Yuko kwenye mashine sasa hivi, nami niko kwenye benchi nje.

Asubuhi alikuwa anahema. Nikamsukuma kuelekea ule mlango wako mpana, nikiwa tayari kumpandisha kwa nguvu, Mungu anisamehe. Akashika gurudumu.

"Maiti haikai mbele," akasema. "Nipeleke mbele."

Triza, kiti cha mbele kiko juu kuliko cha Mersidizi! Nilimbeba kifuani kama siku ya harusi yetu, nikasikia mgongo ukilia, nikamweka kando yangu. Akateremsha kioo, akawa anawapungia watu mpaka tukatoka Ziwani. "Mniangalie vizuri," anawaambia, "niko mbele!"

Kiti cha magurudumu ndicho kilichosafiri nyuma, peke yake, kwa raha zote.

Nitumie dawa ya kuchua mgongo. Ijumaa nambeba tena.

Baba yako