Mahari Uliyojilipia

Mama mpendwa,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako sitaiuliza, maana ulipo napaona kutoka hapa mlangoni, na mvua ya wiki hii imeulainisha udongo wako mpaka kuku wa Njeri wanauchakura wakitafuta minyoo. Nimeshinda nikiwafukuza. Dada yangu anasema kuku hawajui kaburi ni nini. Nimemwambia wajifunze.

Nakuandikia nikiwa na hasira, na ni wewe peke yako uliyeweza kunisikiliza nikiwa na hasira bila kuniambia kwanza niombe.

Unakumbuka mashamba ya kahawa kule Ruiru? Wewe ulichuma matawi ya juu, mimi ya chini, na ni huko, vichwa vyetu vikiwa ndani ya majani, uliponieleza habari ya mbuzi. Baba alipotaka kukuoa hakuwa na mbuzi hata mmoja. Alichokuwa nacho ni shamba aliloachiwa na baba yake, hili hapa kwenye mteremko wa juu ya Ruiru. Babu Njoroge alitaka mbuzi, hakutaka mteremko. Basi Baba akaliweka shamba rehani kwa Mzee Kiarie, akachukua mbuzi wa Mzee Kiarie, akawaswaga hadi kwenu. Kwa desturi yetu shamba la namna hiyo halijauzwa. Siku utakayorudisha mbuzi, linarudi, hata kama ni baada ya miaka mingi. Lakini mpaka siku hiyo, jembe ni la yule aliyetoa mbuzi.

Kwa hiyo Baba akapata mke na hakuwa na pa kumweka. Tuliishi kwa hisani ya baba yake mdogo, na wakoloni walipotangaza hali ya hatari tukahamishwa sote, wenye mashamba na wasio na mashamba, tukasukumwa kijijini ndani ya uzio, vibanda vikiwa vimebanana hata jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka.

"Baba yenu alinioa kwa nyumba yangu mwenyewe," ulisema, na ukacheka mpaka nyapara akageuka kutuangalia.

Baba hakuona haraka. Alikuwa Thika, kwenye kiwanda cha magome ya miti ya miwati, na alikuja mwisho wa mwezi ananuka magome hata akiwa amevaa suti ya kanisani. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusimama mbele na kusoma matangazo, na kila jambo alilifanya polepole kwa heshima. "Ardhi haina miguu, Mama Njeri," alikuwa akisema. "Nikistaafu nitalikomboa."

"Ardhi haina miguu," ukamjibu, "lakini sisi tunayo, na imechoka."

Ukaanza kununua mbuzi kwa pesa za kahawa, mmoja mmoja, kila msimu ukijaliwa. Kijijini hapakuwa na nafasi, kwa hiyo walifugwa kwa kaka yako ng'ambo ya mto. Uliwapa majina ya nyumba. Yule mweusi alikuwa Mlango. Wale mapacha walikuwa Dirisha na Dirisha. Palikuwa na Jiko, palikuwa na Paa, na palikuwa na beberu mkorofi uliyemwita Kizingiti kwa sababu kila mtu alijikwaa kwake. Siku Mlango alipokufa kwa kuvimba tumbo ulikaa chini ukalia, kisha ukasema hakuna neno, nyumba nyingi zimeanza bila mlango.

Walipotimia, ulifunga kile kitambaa chako cheupe cha kanisani, ukachemsha birika kubwa la chai ya maziwa, ukanunua mikate kwenye duka la Mhindi pale Ruiru, nasi tukawaswaga mbuzi hadi kwa Mzee Kiarie. Wazee wenziwe walikuwa wameketi wakitungoja. Wakanywa chai. Wakala mikate yote, na mmoja wao akakunguta makombo kwenye blanketi lake akayala pia. Mzee Kiarie akapangusa mdomo, akawaangalia mbuzi kwa utulivu.

"Mbuzi ni wazuri, mwari wa Njoroge," akasema, maana alizoea kukuita hivyo, binti ya Njoroge. "Na chai ni tamu. Sasa pombe iko wapi?"

"Mzee, mimi ni mtu wa kanisa. Pombe yangu ndiyo hiyo mmekunywa."

"Chai ni ya kukaribisha mgeni. Nilipopewa hili shamba tulikunywa muratina ya miwa, na hawa unaowaona ndio walioionja. Likirudi kwa chai, mimi nikifa, wanangu watasema baba yao alizeeka akanyang'anywa. Nani atawaambia si hivyo? Birika?"

Wazee wakacheka, wewe hukucheka. Hakuwa mtu mbaya yule mzee. Alitaka kurudisha, ila hakujua namna nyingine ya kurudisha. Alimwambia mkewe atufungie viazi vitamu vya njiani, nasi tukarudi na mbuzi wetu wote nyuma, Kizingiti akigoma kila tulipofika mtoni, Njeri akilia kwa aibu kwa sababu wasichana wa rika lake walikuwa wakichota maji wakatuona.

"Angalau wameshiba," ulisema.

Ulipopata kibali cha kusafiri ulinichukua tukaenda Thika. Chumba cha Baba kwenye nyumba za kiwanda kilikuwa kimoja, cha kulala wawili, na yule mwenzake kutoka Kakamega akatoka nje kwa heshima ili mzungumze. Baba alikusikiliza kofia ikiwa magotini.

"Pombe haitatengenezwa kwa jina langu," akasema. "Ngoja nistaafu. Nitakaa na Kiarie taratibu. Labda wakati huo atakuwa ameokoka."

"Yule? Hata mlango wa kanisa hajui uko upande gani."

"Ngoja, Mama Njeri."

"Nimengoja tangu uliponioa."

Akatumiminia chai, mimi akanipa kikombe chenye mkono, yeye akanywea kile kilichovunjika. Nilimpenda sana siku ile, na ndiyo maana mambo ya baadaye yalinichoma. Ndani ya treni uliangalia mashamba yakipita dirishani. Tuliposhuka Ruiru ndipo uliponiambia, "Kesho tutatafuta miwa."

Hukujificha, Mama. Hilo ndilo watu wa kanisa walilokuwekea moyoni zaidi. Ulikwenda kwa chifu ukaomba ruhusa, ukaenda kwa kaka yako, ukatwanga miwa mchana kweupe, na akina mama wa kanisa walipopita njiani ukawaamkia "Bwana asifiwe" mchi ukiwa mkononi. Hawakujua waitikie au wasiitikie. Mjomba ndiye aliyeichachusha, na wewe hukuionja hata kidogo. Tukawaswaga mbuzi tena. Wazee walipomwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, uligeuza uso ukaangalia vilima vya ng'ambo mpaka wakamaliza.

Kisha wakauzunguka mpaka wote kwa miguu, wakipanda yale maua ya itoka tunayotumia kuonyesha mwisho wa shamba la mtu, na Mzee Kiarie akasema mbele ya wote kwamba limerudi. Ulimwambia mkewe asiwe na haraka, viazi vyake vilivyokuwa ardhini avichimbe vyote. Walipoondoka ukavua viatu ukasimama katikati ya shamba. Sikuwahi kukuona ukiwa na furaha kama ile. Niliogopa hata kukuita.

Jumapili ya mwisho wa mwezi wazee wa kanisa walikuwa wamekwisha kuamua. Zamu ya kusoma matangazo ilikuwa ya Baba. Wenzake walijitolea kumsaidia, akakataa. "Nasoma ya wake za wengine," aliwaambia, "ya kwangu nitaisoma pia." Akasimama, akasoma kwamba Tabitha Wambui binti Njoroge ametengwa na Meza ya Bwana kwa kutengeneza pombe. Alisoma jina lako na la baba yako, lake akaliacha. Kisha akaendelea na tangazo la kufagia kanisa.

Mwaka uliofuata walikuja watu wa kupima mashamba na minyororo yao. Unakumbuka vile watu walivyolia? Waliokuwa na shamba kwenye rehani walisimama mbele ya kamati wakieleza habari za mbuzi za miaka ya nyuma, na wengi wakaona kwa macho yao likiandikwa jina la yule anayelilima. Baba mdogo wa Baba alipoteza hivyo hivyo kipande alichokuwa amekiweka rehani. Lilipofikiwa letu, Mzee Kiarie aliinuka bila kuulizwa. "Hili si langu. Nililirudisha, na hawa wazee walikunywa." Likaisha. Likaandikwa jina la Baba, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyelipa.

Tukajenga. Kuta za udongo, bati kutoka Thika, na mlango wa mbao ambao wewe ulikataa upakwe rangi kwa sababu ulitaka kuona mti wenyewe. Wiki zile za kwanza ulijitafutia kazi nje ili upate sababu ya kuingia ndani. Unatoka kuangalia moto wa majani, unaingia. Unatoka kuangalia mvua kama inakuja, na jua linawaka, unaingia. Njeri alikucheka. Ulimwambia, "Mimi nimejilipia mahari. Wewe unajua mwanamke mwingine aliyejilipia?"

Lakini Jumapili za Meza ulikaa benchi la nyuma na sahani ikakupita. Nilikuwa nakutazama. Wewe ndiye uliyekuwa ukianzisha nyimbo zamani, na sasa uliimba kwa sauti ya chini kama mtu anayeimbia mtoto wa jirani. Kurudishwa kulikuwa rahisi: kusimama mbele, kusema nimekosa, natubu. Akina mama walikuja kukubembeleza hapa nyumbani, wakanywa chai yako.

"Ni neno dogo tu, Mama Njeri."

"Nikisema nilikosa," ukawajibu, "basi hii nyumba ni ya wizi, na watoto wangu wanalala ndani ya dhambi. Siwezi kusema."

Kikohozi kilikuja na baridi ya mwezi wa saba. Hukuwa umevuna mara ya pili hapa. Nilikupikia uji ukauonja kwa ajili yangu tu, hilo nililijua. Baba alipewa likizo akaja, na alasiri moja akapiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima, akakushika mkono mbele yetu jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Sema tu," akakuomba. "Hata kwa sauti ndogo. Nitakimbia nimwambie pasta."

"Baba Njeri, ukitoka Thika unafikia wapi?"

"Hapa."

"Hapa ni wapi?"

"Nyumbani," akasema.

"Basi," ukamwambia, na ukaomba maji.

Pasta hakuja kukuzika. Alituma salamu na kusema kanuni si zake. Mzee Kiarie alikuja na fimbo yake akasimama upande wa miguu yako. Wale akina mama walikuja wote, lakini walisimama nje ya mpaka, ng'ambo ya maua ya itoka. Hawakuingia, wala hawakuondoka. Baba alifungua mdomo aimbe, sauti ikakataa. Mimi na Njeri tukaimba wawili, na Njeri unamjua, wimbo anaujua mstari mmoja.

Juzi Baba alistaafu. Alishuka kwenye lori pale barabarani na godoro lake na blanketi waliyompa kiwandani, akapanda mteremko polepole kama kawaida yake, akasimama uani akaangalia nyumba, kisha akakuangalia wewe.

"Leo ndiyo siku niliyomwambia mama yenu angoje," akasema.

Nilikuwa na majibu, Mama, mabaya, na nilikuwa nimeyaweka tayari muda mrefu. Nikaona kichwa chake kimekuwa cheupe chote. Nikampokea blanketi nikamwonyesha pa kuketi. Ameacha uzee wa kanisa, matangazo yanasomwa na mtu mwingine. Nampikia na kumfulia, lakini sijamsamehe, na sijui kama wewe ungetaka nimsamehe.

Hata wewe nimekukasirikia. Ulipenda nyimbo kuliko sisi sote, na ukazikwa kwa mstari mmoja. Ningekuwa na uwezo ningekusihi useme lile neno, hata kwa uongo, ungalipata watu wa kukuimbia mpaka jua lizame. Lakini nikifika hapo nawakumbuka wale waliokufa kijijini mwaka wetu wa kwanza, waliofukiwa nje ya uzio, kwenye ardhi ambayo sasa imepimwa ikawa ya mtu, na watoto wao wakitaka kwenda kupalilia lazima kwanza waombe ruhusa. Ungemngoja Baba kama alivyotaka, juzi angefika na mbuzi wake na asipate shamba la kukomboa. Na sisi, Mama, tungekuwa tumekuzika kwa nani?

Lala kwako.

Mimi binti yako wa pili, mwenye jina la mama yako