Taa ya Shosho

Jumatatu, 12 Januari
Taa imewashwa saa kumi na mbili asubuhi, imezimwa saa nne usiku. Siku ya arobaini na tatu. Maji ya ndoo yaliganda tena. Shosho amekula vizuri. Jina hilo nimempa mimi; ana miaka kumi na minane, na kwa farasi jike huo ni umri wa bibi. Daktari amepima ovari ya kushoto: kifuko kikubwa cha yai milimita 21. Nimeandika.

Wakati wa baridi ovari za farasi hulala. Mwanga ukidumu kwa saa kumi na sita kila siku, ubongo hudhani baridi imekwisha. Homoni huamka, vifuko hukua. Kwetu Nyahururu, karibu na ikweta, mchana na usiku ni sawa mwaka mzima. Sikuwahi kuliwaza jambo hili.

Jumatano, 21 Januari
Milimita 28. Kikifika 35 atapandikizwa mbegu. Dume mwenyewe alikufa, imebaki mirija miwili tu ya mbegu zake zilizogandishwa. Bi. Linda, mwenye farasi, anataka mimba kabla ya Machi. Farasi wa mbio wote huhesabiwa umri kuanzia Januari mosi, na mimba huchukua miezi kumi na moja; anayechelewa kuzaliwa hushindana na wakubwa zake. Mimba ikishika ataniandikia barua ya kunipendekeza kwa chuo cha wasaidizi wa madaktari wa mifugo. Nimezoa mavi hapa miaka minne. Naitaka barua hiyo kuliko ninavyoweza kumwambia mtu.

Jumamosi, 24 Januari
Mama Njeri wa kanisani amefariki. Maombi kila jioni nyumbani kwao Columbia Heights kwa siku kumi, mpaka mwili usafirishwe kwenda kuzikwa kwetu. Nisipoonekana nitasemwa, na siku nikifa mimi sebule yangu itakuwa tupu. Kariuki, ndugu wa mume wangu, ambaye tunafanya kazi naye hapa, atanishikia zamu ya jioni. Hatukumwambia Bi. Linda. Huwa hatumwambii. Nimetia sahihi daftari la zamu kwa siku zote kumi.

Jumanne, 3 Februari
Milimita 15.

Daktari alipima mara mbili. Ovari ya kulia, hakuna kitu. Alisema ni kama mtu amezima jua. Nimesoma namba zangu kutoka mwisho mpaka mwanzo. Kosa haliko kwenye namba.

Alhamisi, 5 Februari
Ndani ya gari lake, tukirudi nyumbani, nilimuuliza Kariuki taa alikuwa akiizima saa ngapi. Hakuficha. Kumi na mbili jioni, akishamaliza kulisha.

"Mnyama naye anataka giza, shemeji. Ama ulitaka asome?"

Akacheka. Nilikuwa nimemwambia azime saa nne. Sikumwambia kwa nini, kwa sababu nilimwona si mtu wa kuelewa. Hicho ni kiburi changu, nakiandika. Lakini namchukia.

Ijumaa, 6 Februari
Nilimwambia mume wangu. Aliendelea kula ugali wangu.

"Utamsema ndugu yangu kwa Mzungu?"

Kariuki ana watoto wanne nyumbani. Mimi nina barua ambayo haijaandikwa. Hivyo ndivyo tulivyopimwa.

Jumatatu, 9 Februari
Bi. Linda alifungua daftari la zamu, akaweka kidole kwenye sahihi yangu. Nikasema nilisahau taa. Siku kumi? Siku kumi. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Barua hakuna. Nimeondolewa kwa Shosho, narudi kwenye mavi. Kariuki alikuwa mlangoni na reki yake. Alisikia yote. Akaendelea kuvuta nyasi.

Jumatatu, 27 Aprili
Jua linachelewa kuzama siku hizi. Theluji imekwisha, majani yamechipua kando ya uzio. Ile taa iko stoo.

Leo Shosho aliinua mkia mbele ya dume la jirani, akasimama tuli, ishara kwamba yuko tayari kupandwa. Daktari alikuja kwa farasi wengine, akampima naye. Alipokuwa akifunga mashine alinitajia bila kuulizwa: 39. Hawatampandikiza, wakati umepita. Bi. Linda anasubiri mwakani. Mwakani Shosho atakuwa na miaka kumi na tisa.

Nimeiandika 39 kwenye daftari langu.

Jioni Kariuki alinifungulia mlango wa gari. "Umeona, shemeji? Mungu hana swichi."

Nilipanda. Nyumbani, Brooklyn Park, ni mbali, na mimi sina leseni ya udereva.