Nililisingizia Vumbi

Jumatano, mwezi wa saba. Kolwezi nzima imevaa sweta leo, mimi nimekwenda kwa daktari na blauzi nyepesi na bado nimetokwa jasho. Lakini moyo umetulia, na naandika kabla haujabadilika.

Sina sumu mwilini.

Tangu Pasaka nilikuwa na hakika kwamba ninayo. Joto lilipanda kutoka kifuani hadi utosini, moyo ukaenda mbio, usingizi ukanikimbia. Hapa kwetu, chochote kikituuma tunalitazama vumbi la migodi. Mume wangu, tata Mado, kama tunavyomwita kwa jina la binti yetu, anaendesha lori la mawe pale mgodi wa Mashamba, na anarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Mshtakiwa nikampata bila kutafuta.

Nikamwekea sheria. Avue ovaroli uani, aoge hapo hapo kwa ndoo, nguo zake zifuliwe peke yake. Nikaendelea kuungua. Basi nikamtoa hata kitandani, akalale kwenye kochi sebuleni. Mwanaume wa watu hakubisha. Aliogea nje katika baridi hii, meno yakigongana, na mimi dirishani nikimkagua masikio.

Najionea aibu, bora niseme mwenyewe.

Daktari, mama wa makamo kama mimi, alinisikiliza hadi mwisho, akauliza siku zangu zilikatika lini. Kisha akacheka kidogo.

"Mama, hii haiko sumu. Ni ménopause. Hata mi niko nayo."

Nina miaka hamsini na mmoja, na wala sikuwa nimewaza kwamba ni kukoma kwa hedhi.

Nikatoa chupa yangu ya mizizi ya sokoni, nikamwambia nataka kitu cha asili, si cha kiwandani. Akakunja uso. Mizizi hiyo, alisema, hata yeye hajui ina nini wala kiasi gani, niiache kwanza. Na homoni zinazoitwa za asili nazo hutengenezwa maabara, kutokana na mimea. Sifa yake ni kufanana kabisa na zile za mwilini. Nyingine zimebuniwa, umbo lake ni tofauti. Zote ni dawa, zote zina hatari zake, na neno "asili" kwenye boksi halimlindi mtu. Tena, kwa kuwa bado nina kizazi, nikipewa homoni ya kutuliza joto lazima niongezewe nyingine ya kukilinda.

Nusura nimfiche habari ya dada yangu aliyekatwa titi kwa saratani. Niliogopa kwamba atanifungia mlango wa dawa zote. Nilikuwa nimeshashika kitasa nikarudi kukaa, nikasema. Akaandika, akanishukuru. Tutapima matiti na presha kwanza, na homoni zikinikataa, ziko dawa nyingine zisizo homoni.

Kwa hiyo sijachagua. Ajabu, wala sina haraka. Nilichokuwa nakihitaji zaidi ni kujua kinachoniunguza ni nini.

Jioni tata Mado amerudi, akaelekea moja kwa moja uani kwenye ndoo yake. Nimemfuata, nikamweleza yote akiwa na buti moja mguuni. Nimemwomba msamaha. Amemalizia kuvua buti, akasema polepole:

"Mi nilikuwa nawaza ulinichoka."

Miezi yote hii alikuwa na hilo moyoni, na kila jioni akaogea nje bila neno. Nimelia pale pale uani, kisha tumecheka, maana hata nikilia natokwa jasho.

Sasa yuko ndani anaoga maji ya moto niliyomchemshia. Mto wake nimeurudisha kitandani, upande wa ukutani. Wa dirishani nimechukua mimi.

Joto likija, nitafungua dirisha. Yeye abaki.