Droni Imemkata Baba

Mwenzangu, mbona hupokei simu? Niko hospitali. Ile droni yangu kubwa imemkata baba mkono.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuirusha mara ya kwanza. Baba akaja uwanjani, maana fremu yote aliichonga yeye. Miezi saba tumehangaika, yeye na useremala wake, mimi na nyaya zangu.

Akaniuliza, "Umekaza mota zote?"

Nikamjibu, "Baba, mimi si mtoto." Nilimjibu hivyo hivyo, kwa jeuri!

Ikapanda vizuri, baba anapiga makofi. Mara mota moja ikachomoka, droni ikalala upande, ikamwendea. Nabonyeza rimoti, wapi! Akakinga uso kwa mkono, mapanga yake yakamkata.

Mkono wa kulia. Wa kulia, jamani!

Skrubu mbili za ile mota nimezikuta mfukoni mwangu.

Daktari anasema vidole vitatu havitakunjika tena. Nikamwambia, "Baba, nisamehe." Akasema, "Nenda nyumbani ukapumzike." Kasema kwa upole, lakini hanitazami.

Mama hajui lolote. Sasa hivi kaniandikia, "Imeruka?" Pokea simu basi, nimwambieje?