Mama Alishukia Durban, Mimi Nikarudi Palma

Jumapili, Palma. Januari inaishia.

Joto la leo halina adabu. Asubuhi mawingu yalijaa upande wa Quionga, tukatoa ndoo nje, kisha yakaondoka bila kudondosha hata tone. Umeme hakuna tangu jana. Naandika kwenye simu, betri iko nusu, kwa hiyo nitasema nililonalo bila kuzunguka sana.

Nimerudi kutoka ile safari ya meli wiki tatu sasa, na mtaani bado wananiuliza. Ilikuwa kubwa kiasi gani? Mlikula nini? Ni kweli kuna soko ndani? Nawaonyesha picha. Kwenye picha tuko watu kumi na saba wa ukoo mmoja, tumevaa kitenge cha aina moja, na katikati mama amekaa kitini kama bibi harusi. Wanasifu kitenge. Hakuna anayeniuliza mama yuko wapi. Wanauona mlango wa chumba chake umefungwa.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Zaituni, mwalimu wa shule ya msingi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mtoto wa mwisho kati ya watatu. Kaka Saide ni fundi wa majokofu Durban, mwaka wa ishirini huu. Dada Atija kaolewa Mtwara. Mimi ndiye niliyebaki na mama.

Saide ndiye aliyesema mama anatimiza miaka sabini na lazima tumfanyie sherehe ambayo ukoo haujawahi kuiona. Ukweli ni kwamba hakuna ajuaye mama alizaliwa lini. Alizaliwa kisiwani Rongui, kwenye dago la wavuvi, na kwenye bilhete yake, yaani kitambulisho, imeandikwa tarehe mosi Januari, kwa sababu karani aliyeandikisha watu siku ile aliwapa foleni nzima tarehe hiyohiyo. Ukiziamini bilhete, nusu ya wazee wa pwani hii walizaliwa siku moja. Lakini Saide aliiamini. Akapata meli kubwa ya watalii inayochukua abiria Unguja na kushuka nao hadi Durban, na mwaka mpya ungeikuta ikiwa baharini. Wa Durban wakaja kwa ndege. Mimi na mama tukavuka Rovuma pale Namoto, tukalala kwa Atija Mtwara, kisha pamoja naye basi mpaka Dar na boti mpaka Unguja. Mama hakulalamika hata mara moja. Mtu anayelalamikia chumvi kila siku.

Gatini mama alisimama, akainua kichwa, akaanza kuhesabu ghorofa za meli kwa kidole. Alipofika ya tisa akaacha. Akasema hiki si chombo, huu ni mtaa. Ndani akashangaa zaidi kuona watu wamechimba bwawa la kuogelea juu kabisa, na bahari yote ile iko chini.

Kabla ya kuondoka king'ora kililia. Ni mazoezi, kila abiria aonyeshwe mahali pa kukimbilia meli ikipata hatari. Watu walitoka vyumbani wakicheka, wamevaa maboya ya rangi ya chungwa, wanapigana picha. Mama hakucheka. Alijifunga kanga kiunoni, akachukua mfuko wake wa dawa, akanishika mkono, akaniuliza tunaelekea wapi. Na mimi nilikuwa tayari nimevaa viatu. Sikumbuki nilivivaa saa ngapi.

Atija ndiye aliyetuzuia mlangoni na kutueleza polepole kwamba ni mazoezi tu. Tulirudi tukakaa kitandani, mama na mimi. Hatukutazamana.

Sasa niandike lile ambalo nimekuwa nikilikwepa.

Safari ile ilikuwa na jambo jingine chini yake. Mama alikuwa harudi. Akifika Durban abaki kwa Saide moja kwa moja, karatasi zake zishughulikiwe huko. Sherehe ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa pia njia ya kumtoa nyumbani bila ugomvi. Na wazo hilo halikutoka kwa Saide.

Lilitoka kwangu.

Mwaka ule waasi walipoivamia Palma tukakimbia, mimi na mama tulitembea porini mpaka Nhica. Miguu yake ilivimba siku ya kwanza tu. Siku ya pili alikaa chini ya mkorosho, akasema mwanangu nenda, mimi nimefika. Akafumba macho. Nyuma yetu milio ya bunduki bado ilikuwa inasikika. Nilimbembeleza, nikamvuta, nikamkemea kama mtoto wa shule. Hakuinuka.

Nikaanza kwenda.

Zilikuwa hatua kumi, labda kumi na tano. Kisha nikarudi, nikambeba mgongoni, tukaendelea hivyo, mara nambeba, mara anatembea, mpaka tukawakuta watu. Tumekaa Nampula, tumerudi Palma, tumeezeka nyumba upya, na sijawahi kumwambia mtu yeyote habari za zile hatua. Ila mwaka jana, uvumi wa mashambulizi ulipoanza tena na watu wakawa wanafunga mizigo, nilitoka uani nikampigia Saide. Nikamwambia mchukue mama. Nikamwambia siwezi kumkimbiza tena. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

Turudi melini.

Asubuhi ya siku ya pili Saide aliwauliza wahudumu, akaambiwa kiasi cha saa nne tutapita mkabala na Cabo Delgado. Habari ilienea vyumba vyetu vyote. Mama alioga, akajifukiza kwa ule udi aliokuja nao, akavaa kitenge cha sherehe siku moja kabla ya sherehe yenyewe. Tukampelekea kiti upande wa kulia wa meli, unaoelekea bara. Huko kulikuwa na kivuli, na wageni wote walikuwa upande wa pili wakiota jua, kwa hiyo tulikuwa peke yetu. Watu kumi na saba tumepanga mstari ukingoni, tunatazama magharibi.

Hakukuwa na kitu.

Maji, na pale maji yanapokutana na mbingu, basi. Meli kama zile hazisogei karibu na pwani yetu siku hizi. Kwenye ramani ya televisheni ya chumbani, Mocímboa da Praia ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo sana, na Palma haikuandikwa kabisa. Nilikuwa nimeishika simu mkononi, nikitumaini mtandao wa nyumbani ungeingia hata kidogo. Haukuingia.

Mama akanyoosha kidole. Akasema Rongui ile pale, na kushoto kwake Vamizi.

Mtoto mkubwa wa Saide, aliyezaliwa Durban na hajawahi kukanyaga huku, akasema anaiona. Mdogo wake naye akaona minazi. Mwingine akaona moshi. Saide akasema ndiyo, ile pale. Atija akaona. Nikakitazama kidole cha mama, nami nikasema naiona.

Tulikaa vile muda mrefu. Watoto walipochoka wakaenda kwenye bwawa, na mama akawaomba wakubwa wampishe, anataka kukaa na mimi.

"Umeona nini, Zaituni?"

"Sikuona kitu, mama."

"Hata mimi," akasema.

Akanieleza kwamba alinyoosha kidole ili wajukuu wapate mahali pa kutazama, kwani haifai mtoto aambiwe kwenu ni huko halafu asionyeshwe kitu. Nilidhani yamekwisha. Kisha akasema, bila kunigeukia, kwamba siku ile nilipompigia kaka yangu uani, yeye alikuwa bafuni, na ukuta wa bafu letu ni makuti.

Nikachuchumaa karibu na kiti chake.

"Nitabaki kwa Saide," akasema. "Sijakasirika. Ila siku nyingine nikichoka njiani nikakaa chini, sitaki wewe uwe na la kuchagua."

Ndipo nikajua. Miaka yote hii nilidhani pale chini ya mkorosho alikuwa amefumba macho.

Alinipa mkono nimwinue, akasema twende tukale, kuna yule mhudumu Muislamu aliyemwahidi samaki wasiokaangwa kwa mafuta ya ajabu. Na kweli alikula. Alikula kuliko mimi.

Sherehe ilikuwa mchana wa tarehe mosi. Tuliletewa keki yenye jina la mama limekosewa herufi mbili. Nahodha alimtaja kwenye kipaza sauti, na kwa jinsi alivyolitamka jina, mama aliendelea kunywa chai yake mpaka Atija alipomgusa bega kwamba ni wewe. Atija akapiga vigelegele, sisi wanawake tukaitikia, ukumbi mzima ukageuka, na watu tusiowajua wakasimama kumpigia makofi. Mama alicheza akiwa amekaa, kwa mabega tu, kama wanavyocheza wazee wa kwetu. Kila mtu alisema hajawahi kumwona ana furaha vile.

Mimi nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi nikaimba.

Durban nilikaa siku tatu. Siku ya kuondoka kwangu mama hakuja uwanja wa ndege. Aliniaga mlangoni kwa Saide, akaninyooshea kola ya shati, akaniambia nisimwazime mtu mbuzi yake ya nazi maana haitarudi. Ndiyo maneno yake ya mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine, nilikuwa nimejiandaa hata kuomba radhi. Sikuomba. Gari lilikuwa linangoja.

Na sasa niko hapa.

Mnataka kujua jambo baya? Nalala vizuri. Tangu nirudi nalala mpaka alfajiri, jambo ambalo sikulijua tangu mwaka ule. Siamki kusikiliza. Sipangi kichwani nani atamshika mkono na nani atabeba dawa. Nikisikia pikipiki inapita kwa kasi, nageuka upande wa pili. Halafu asubuhi naamka nimepumzika, nautazama mlango wake, na naona aibu kwa kule kupumzika.

Mchana ndio mgumu. Bado napima mchele wa watu wawili. Nikitoka sokoni nasimama mlangoni na kusema hodi, mimi mwenye nyumba. Jana nilinunua samaki, tasi wazuri, nikawaosha, nikawapika kwa nazi, kisha nikatambua kwamba mimi sipendi tasi. Anayewapenda ni yeye. Nikawapeleka kwa jirani.

Mama hupiga simu kila siku baada ya alasiri. Ananihadithia dirisha lake linalotazama magari yaliyoegeshwa, na wajukuu wanaomsemesha kwa lugha mbili zote asizozijua. Adhana anaisikia kwenye simu ya Saide tu. Halafu, kila siku, kabla ya kuaga, anauliza kama huku kumetulia. Na mimi kila siku najibu bado, mama.

Wiki tatu hizi kumetulia. Soko limejaa, majahazi ya Mtwara yanapakua, shuleni tunapaka rangi kuta kabla ya watoto kurudi. Nasema bado kwa sababu nikisema kumetulia atafunga mzigo, namjua. Na pia si uongo mtupu. Mwezi uliopita walifika watu kutoka upande wa Mocímboa na vifurushi kichwani, na hakuna aliyewauliza mengi. Nani hapa anaweza kuiapia wiki ijayo?

Leo alipiga mapema. Sauti yake ilikuwa ya mafua. Alisema leo hajatoka nje, kuna upepo, Saide yuko kazini na watoto wako shule ya dini, yuko peke yake na televisheni. Akauliza lile swali lake.

Nikasema kumetulia, mama.

Lilinitoka tu. Sikulipanga.

"Unasema hivyo kwa kuwa kumetulia," akauliza, "au kwa kuwa umenikumbuka?"

Nilikuwa uani, juani, nimeshika kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia nimekukumbuka.

"Basi sema hivyo," akasema. "Usiisingizie Palma."

Kisha akaniambia naye amenikumbuka, na kwamba haji, si sasa. Aliyasema yote mawili kwa sauti ileile, kama mtu anayetaja vitu viwili vya kununua sokoni. Akakohoa, akasema anakwenda kuchemsha tangawizi, akaaga.

Nilibaki pale uani mpaka nguo zikakauka.

Nimefikiri kwamba kwa wiki tatu mama na mimi tumekuwa tukiulizana habari za nchi, kama watangazaji, wakati hakuna kati yetu aliyekuwa anauliza habari za nchi. Sijui lini huku kutatulia kweli. Sijui kama nitajua siku hiyo ikifika. Lakini lile jingine, kwamba nimemkumbuka, nalijua, halihitaji uhakika wa mtu yeyote.

Kesho sitangoja alasiri. Nitampigia mimi asubuhi, na nitaanza na hilo, kabla ya shikamoo.